Robo Saa ya Ulyankulu

Puge, Nzega
9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na magoti yako. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila kifua kinanisumbua kidogo kwa vumbi la msimu huu.

Najua utaugeuzageuza mwandiko huu kabla ya kuamini. Miaka mitatu kasoro si siku tatu. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani, kwa sababu sikujua ningeanza na neno gani. Barua angalau mtu anaweza kuichana akaanza upya. Hii ni ya nne. Nimempa Masanja, konda wa basi la asubuhi, nikamwonyesha kwa mkono geti la gereji lilivyo, ingawa anasema Ng'ambo yote anaijua.

Shida yangu ni ya gari. Ile pikapu ya kijani bado inanilisha. Wanawake wa hapa Puge wana kikundi cha kufuga kuku, kiongozi wao ni Mama Consolatha ninayepanga kwake, na mimi ndiye ninayewapelekea mayai Nzega mara mbili kwa wiki. Mayai yamenitia adabu kwenye mguu wa kulia kuliko hata wewe.

Sasa wiki iliyopita trafiki amenisimamisha kwenye kibao cha hamsini, kabla ya kuingia Nzega. Mshale ulikuwa kwenye sitini, nimeuona kwa macho yangu. Nikashuka na leseni mkononi na uso wa huruma. Askari akaangalia tochi yake ya kupimia mwendo, akaniangalia, akasema, "Dada, wewe una hamsini. Nimekusimamisha kwa ajili ya taa ya nyuma, haiwaki."

Kesho yake nikaanza kuhesabu nguzo za kilomita kando ya lami. Nguzo kumi, namba kwenye mita zikaongezeka kumi na moja na nukta tisa. Nikarudia mara mbili, ikawa vilevile. Kwa hiyo mita inasema nakimbia kuliko ninavyokimbia, na inasema nimekwenda mbali kuliko nilikofika.

Naomba unieleze chanzo ni nini na dawa yake. Fundi wa hapa anataka kung'oa dashibodi nzima aubandike mshale upya kwa gundi. Nikakumbuka majina uliyokuwa ukiwapa mafundi wa namna hiyo, nikamwambia asubiri.

Msalimie Abasi wa matairi.

Mwanao,
Mwamvita


Ng'ambo, Tabora
14 Juni 2024

Binti yangu Mwamvita,

Marahaba, mwanangu. Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata leo Ijumaa nikitoka msikitini. Masanja amekaa nayo siku tano, anasema ilitelezea chini ya kiti. Nimemwambia ingekuwa ng'ombe wake amepotea siku tano, tungeona kama hana miguu ya kukimbia.

Mimi ni mzima. Magoti yapo, yanalalamika kama kawaida yao. Simu umefanya vizuri kutopiga. Miaka arobaini ya kugonga mabodi imenilipa ujira wake: masikio yangu siku hizi ni ya kutundikia miwani. Simu ikiita naiona inatetemeka mezani kama panzi, nikiiweka sikioni nasikia upepo. Wateja wananiandikia kwenye ubao kwa chaki. Kwa hiyo barua ndiyo simu yangu, na nakuambia kweli, nimeisoma hii nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena.

Pole kwa kifua. Chemsha tangawizi, uweke asali, usiweke sukari.

Sasa gari. Mwambie fundi huyo gundi yake akabandikie viatu. Mshale hauna kosa. Ujue mita ya spidi haisomi tairi. Ule waya mrefu unaozunguka unatoka mkiani mwa giaboksi, na giaboksi inahesabu mizunguko ya propela tu, lile bomba refu la chuma linalopita chini ya gari. Propela ndiyo inayozungusha difu, na difu ndiyo inayozungusha tairi. Ukiweka difu yenye nguvu zaidi, propela inazunguka mara nyingi zaidi ili tairi lizunguke mara moja. Giaboksi haijui kwamba huko nyuma pamebadilishwa kitu. Inahesabu mizunguko mingi, inamwambia mshale, tunakimbia. Mshale nao unakuambia wewe.

Dawa ni ndogo. Pale waya unapoingia kwenye giaboksi kuna kigurudumu cha plastiki chenye meno. Hicho chako kina meno kumi na matano. Kinatakiwa cha meno kumi na manane. Unafungua bolti moja, unachomoa, unachomeka kipya, unabadilisha sili ya mafuta, basi. Ukipima tena, nguzo kumi zitakuwa kumi, pengine kasoro mita mia. Hiyo si kitu.

Difu nilibadilisha mimi.

Sina la zaidi kwa leo. Idd ni keshokutwa au siku inayofuata, kutegemea mwezi wa watu. Nakutakia Idd njema.

Baba yako,
Mustafa


Puge
18 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Idd imepita salama, nilialikwa kwa majirani. Asante kwa maelezo, nimeyaelewa yote.

Naomba kukuuliza kitu kimoja tu. Difu uliibadilisha lini?

Mwanao,
Mwamvita


Ng'ambo, Tabora
23 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili.

Swali lako lina maneno matatu na limenichukua siku mbili kulijibu. Gereji nimeifunga. Abasi amekuja kuchungulia kama nimekufa.

Difu niliibadilisha tarehe saba Oktoba mwaka 2021. Mama yako tulimzika tarehe ishirini na nne, mwezi huohuo.

Nilipoisoma barua yako ya kwanza, ile ya nguzo kumi, nilijua palepale. Ndiyo maana nilikujibu kwa meno na mabolti. Niliona nikiandika kama fundi huenda ningemaliza ukurasa bila kufika kwenye jambo lenyewe. Nilifika, nikaweka kalamu chini.

Nisikilize sasa. Mwezi ule mama yako alikuwa ameshakwenda Ulyankulu kumlea Shamila mdogo wake, aliyekuwa amejifungua. Mimi nikapata kazi ya kubeba mapipa ya asali kutoka hukohuko. Nikaona pikapu itazama kwenye mchanga na mapipa yale, nikaifunga difu yenye nguvu. Nilijua mita itasema uongo. Nikaagiza kigurudumu cha meno kumi na manane kutoka Mwanza. Wewe unajua nilivyokufundisha, tangu hujafika kwenye usukani: kazi haijaisha mpaka mita iseme kweli. Siku hiyo nikajiambia, ni wiki mbili tu, nitakuwa nakumbuka.

Sikukumbuka. Shamila alipopiga simu kwamba dada yake mkono umekufa ganzi na maneno yanamtoka vipande, na gari la wagonjwa limekwenda na mtu mwingine, niliondoka hapa bila viatu vya maana. Kurudi, mama yako alikaa mbele, ameegemea mlango, mimi mkono mmoja usukani na mmoja begani kwake. Kila tulipopiga shimo alifumba macho. Aliniambia, "Polepole, baba Mwamvita." Nikasema moyoni, nitakwenda sitini. Siendi juu ya hapo nisimuumize, siendi chini nisimcheleweshe. Nikaushika mshale pale kwenye sitini kama mtu anavyoshika kamba ya kisima. Sikusimama hata kwa maji.

Tulipofika geti la hospitali wewe ulikuwa umeshahesabu. Shamila alikuambia tumetoka saa kumi kamili. Kilomita tisini kwa mwendo wa sitini ni saa moja na nusu, na sisi tuliingia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tatu. Daktari alipotoka akasema kama tungewahi hata robo saa angekuwa na la kufanya. Ukaniuliza mbele za watu nilisimama wapi. Nikasema sikusimama, mshale haukushuka sitini. Ukasema, "Basi robo saa imekwenda wapi, baba? Unasema uongo."

Mwamvita, nimeipata. Ilikuwa kwenye difu. Ile sitini yangu ilikuwa hamsini.

Sikukudanganya siku ile. Lakini nilikuwa nimekalia uongo wangu mwenyewe na ninauendesha, na mama yako ndani yake. Baada ya msiba sikutaka hata kuiona pikapu ile, ndiyo maana ulipoichukua sikusema neno, na kwa sababu sikuigusa tena sikupata kukumbuka. Kwa hiyo ulikosea uliposema naficha, lakini kwenye hesabu ulikuwa sahihi.

Kigurudumu kilifika kutoka Mwanza siku tuliyosoma hitma ya siku ya saba. Nilikitia kwenye kopo la maziwa ya unga bila kukifunua wala kufikiri ni nini. Nimekifungua juzi. Nakituma pamoja na barua hii, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Sikuandikii ili unisamehe. Umeuliza lini, nimekuambia lini.

Ila nakukumbuka, mwanangu. Idd nilipika chai nikasahau nikaweka vikombe vitatu.

Baba yako,
Mustafa


Ng'ambo, Tabora
25 Agosti 2024

Binti yangu,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima, na kifua kimetulia.

Miezi miwili imepita. Nimemuuliza Masanja kama barua ya Juni ilifika, ameapa kwamba alikupa mkononi na kitambaa chake, na kwamba uliishika ukaingia ndani bila kumuaga. Namwamini, kwa sababu alikuwa na huzuni ya kweli na Masanja hajui kuigiza.

Sikulaumu. Angekuwa baba wa mtu mwingine amefanya nililofanya, ningemwambia asinisalimie.

Nakuandikia kwa jambo moja dogo. Jumamosi ya tarehe kumi na saba nilikuwa nimeinamia injini ya hiasi ya watu wa Ipuli. Jioni Abasi akaniandikia ubaoni kwamba pikapu ya kijani ilipita mbele ya gereji, ikaenda taratibu, ikapiga honi, ikaondoka. Nikamwambia pikapu za kijani ziko nyingi. Akaandika, yenye mlango wa kulia mweupe iko moja.

Kama ulikuwa wewe, ujue sikusikia. Kama hukuwa wewe, basi puuza barua hii.

Wako,
Baba


Puge
29 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi kifua kimepona, tangawizi yako imefanya kazi. Mama Consolatha anakusalimia ingawa hamjaonana. Amenisikia nikikutaja sana siku hizi.

Nina mengi na sijui kuyapanga, kwa hiyo yatakuja yanavyokuja.

Kwanza, nilikutega. Nilipoandika barua ya kwanza nilikuwa nimeshajua. Nilipomaliza nguzo ya kumi nikaona kumi na moja na nukta tisa, nilizima injini nikakaa kando ya lami mpaka mayai yakapata joto. Nilijua lazima kuna kitu kilibadilishwa, nikakumbuka zile kilomita tisini. Lakini sikujua kilibadilishwa kabla ya msiba au baada. Ungeweza kuniandikia kwamba ulibadilisha baada, ukanipa gari ikiwa hivyo, na nisingekuwa na neno la kukupinga. Hakuna mwingine anayejua. Ile barua yako ya meno na mabolti niliililia, nikasema, ameamua kunyamaza. Ndipo nikakuuliza lini.

Barua yako ya pili nilipoisoma, baba, sikukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa baba mwongo kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimejipanga vizuri, nina maneno yote. Sikuwa nimejiandaa kukuta kwamba mwenye kosa getini siku ile nilikuwa mimi. Ndiyo sababu ya kimya changu.

Halafu nikafanya jambo ambalo pengine utaliona la kitoto. Nilikwenda Ulyankulu. Nilikuwa sijakanyaga kule tangu msiba. Nililala kwa mama mdogo Shamila. Yule mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana maneno mengi kuliko wewe na mimi. Jumamosi hiyo ya tarehe kumi na saba, bado na kigurudumu cha zamani, niliondoka mlangoni pake saa kumi kamili. Kwenye kiti cha mbele nilifunga trei mbili za mayai, kwa ile kanga ya mama ya rangi ya samli niliyoikuta chini ya kiti zamani na sikukuambia. Nikaushika mshale kwenye sitini. Sikusimama. Nilifika geti la hospitali saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili. Wewe ulifika kasoro kumi na tatu. Mimi mbuzi walinizuia kidogo.

Nilikaa palepale nilipokuwa nimesimama siku ile, nikaiangalia pikapu kama inaingia upya. Niliwaza kwamba nyumbani ni mwendo mfupi. Nikaja. Nilikuona mgongo, shati lako la kahawia, umeinama. Nikapiga honi. Hukugeuka. Nikasema, amenisikia na hataki kuniona, na ana haki. Nikaondoka. Nilikuwa nimeshashusha begi Puge ndipo nikakumbuka masikio yako. Uliniandikia mwenyewe na nikasahau. Nilijicheka nikalia, sikumbuki kipi kilitangulia.

Safari ya pili ni wiki iliyopita. Kigurudumu chako nimekifunga mwenyewe, na sili mpya nimeweka, usinitukane. Nguzo kumi sasa ni kumi. Nikarudi Ulyankulu, nikatoka tena saa kumi kamili, trei mbili palepale kwenye kiti, kanga ileile, na sasa sitini ya kweli. Nilifika getini saa kumi na moja na nusu na dakika moja. Kwa hiyo robo saa ile ipo, baba. Siwezi kukuambia haipo.

Lakini ningoje. Safari ya kwanza, kwa ile hamsini yako, yalivunjika mayai matatu. Safari ya pili yalivunjika kumi na tisa. Trei moja iliruka ikatoka kwenye kanga. Mimi ni mbeba mayai, najua kiti kile kinavyopokea barabara. Kwa sitini ya kweli mama asingeegemea mlango. Angekuwa anarushwa, na wewe mwenyewe umesema alifumba macho kila shimo na akakuomba uende polepole. Ungepunguza. Nakujua, ungepunguza mpaka uone uso wake umetulia, na uso wake ungetulia palepale kwenye hamsini.

Sijui kama ndivyo ilivyo. Barabara imechongwa tangu wakati ule, na mtu si yai. Inawezekana najifariji na nakufariji. Lakini nimeendesha njia ile mara mbili kwa mikono yangu, na hivyo ndivyo inavyoniambia.

Nilikuita mwongo mbele ya watu, mama akiwa amefunikwa shuka nyuma yetu. Kisha nikachukua gari lako nikaenda kukaa kilomita hamsini na sita, nikajifanya ni mbali. Kila Idd nilikuwa nawasha injini, nikaizima. Naomba radhi zako, baba. Nazihitaji kuliko kitu chochote ninachoweza kukuandikia hapa.

Hukusimama. Nimekwenda kuhakikisha. Hukusimama popote.

Mwanao,
Mwamvita


Ng'ambo, Tabora
5 Oktoba 2024

Mwanangu Mwamvita,

Assalaam alaykum. Marahaba, na tena marahaba. Mimi ni mzima kweli safari hii. Masanja aliileta barua yako siku hiyohiyo uliyompa, alikimbia nayo kutoka stendi; nadhani ameanza kuogopa nyumba hii.

Radhi unazo. Sikuwahi kuzichukua. Mtoto aliyefiwa na mama yake getini anaweza kusema lolote, na mzazi anayelishika neno hilo ana lake jambo. Nililokuwa nimelishika mimi ni kwamba hukuja. Hilo ndilo lililoniuma, na nimelisema sasa, limetoka.

Mayai yako nimeyahesabu. Ishirini na mawili yamekufa kumtetea fundi mmoja wa Ng'ambo. Sidhani kama kuna mzazi mwingine Tabora mwenye wakili wa namna hiyo. Nimemwandikia Abasi hesabu yote ubaoni. Amesoma, ameenda kukaa kwenye tairi zake, hakurudi mpaka alasiri.

Siwezi kukuambia nimeamini, mwanangu. Siku nyingine nitaamini na siku nyingine sitaamini. Robo saa ile ni yangu na nitazeeka nayo. Lakini zamani nilikuwa nimeibeba bila kujua ni nini, nilijua tu kuna kitu kizito. Sasa nakijua uzito wake, na kuna mtu wa pili ameshika upande mwingine.

Kanga ya rangi ya samli, siku zote nilidhani ilibaki hospitali. Niliwahi kwenda kuiulizia.

Hitma ya mama yako ni Jumapili, tarehe ishirini Oktoba, baada ya adhuhuri. Miaka miwili iliyopita nimewaambia watu una kazi. Mwaka huu nimeshamwambia maalim kwamba utakuwepo, kwa hiyo usiniaibishe. Njoo na Mama Consolatha kama atapenda. Usilete mayai.

Ukifika usipige honi, unajua mambo yangu. Wala usibishe. Geti la gereji ni lilelile, na siku hiyo nitaliacha wazi. Nitatoa kiti nje, nikae upande unaotazama barabara ya Nzega, na sitainamia injini ya mtu yeyote.

Kutoka hapo Puge mpaka mlangoni ni kilomita hamsini na sita. Mita yako sasa inasema kweli. Ukiondoka saa tatu kamili asubuhi, ukaenda sitini, saa nne kasoro dakika nne utakuwa umefika. Mimi nitakuwa nje tangu saa tatu.

Na ukichelewa robo saa, sitakuuliza ulisimama wapi.

Baba yako,
Mustafa